Si kila 'homa' ni malaria: Ifahamu aleji ya pua

Mama mmoja anayeuza omena mjini Homa Bay alinijia akiwa amechoka kabisa. Kwa miezi mitatu alikuwa akiamka alfajiri na kupiga chafya kumi au kumi na tano mfululizo. Makamasi mepesi kama maji yalimtiririka, macho yakamwasha, na kichwa kikawa kizito. Alikuwa amemeza dawa za malaria mara tatu, zote alizonunua dukani bila kupimwa.

Nilipompima, damu yake haikuwa na vimelea vya malaria, na joto la mwili lilikuwa la kawaida. Aliyemsumbua hakuwa mbu. Alikuwa na aleji ya pua, au mafua ya mzio.

Waingereza waliupa ugonjwa huu jina 'homa ya nyasi kavu', nalo limewapotosha wengi. Hausababishwi na nyasi kavu, wala hauleti homa. Daktari John Bostock wa London, ambaye mwenyewe alikuwa mgonjwa, aliueleza mwaka wa 1819. Mnamo 1873 Charles Blackley wa Manchester alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akaonyesha kuwa chanzo ni chavua, yaani ule unga mwembamba wa maua ya nyasi.

Hutokeaje?

Mwili una askari wake wa kupambana na viini. Kwa mwenye aleji, askari hawa humwona mgeni asiye na madhara, kama vile chavua au vumbi, wakamdhania mwizi. Hapo mwili humwaga kemikali iitwayo histamini. Pua huvimba ndani, huwasha na kutoa maji. Aghalabu hali hii huandama ukoo: mzazi ana pumu, mtoto ana ukurutu wa ngozi, na mwingine ana mafua yasiyokwisha.

Je, wagonjwa ni wengi?

Ni wengi kuliko tunavyodhani. Inakadiriwa kuwa duniani watu wazima kati ya 10 na 30 katika kila 100 wana aleji ya pua. Uchunguzi wa kimataifa kuhusu pumu na aleji za watoto, ulioanza miaka ya 1990, uliwahusisha wanafunzi wa Nairobi na Eldoret. Kwa hivyo haya si maradhi ya Wazungu pekee.

Ulaya wagonjwa huteseka zaidi majira ya kuchipua na kiangazi. Sisi tulio karibu na ikweta hatuna nafuu hiyo ya msimu mmoja. Nyasi kama ukoka huchanua kila baada ya mvua, iwe ya masika au ya vuli. Anayeishi kando ya shamba la mahindi hupata chavua mahindi yanapotoa mbelewele. Ndani ya nyumba kuna vijidudu vya vumbi vinavyoishi kwenye magodoro, na kuna mende pia.

Ziwani kuna wale wadudu wadogo wanaoinuka kwa makundi kama moshi. Kandokando ya Mto Nile nchini Sudan, wadudu wa jamii hiyo wamethibitishwa kuleta mafua ya mzio na pumu. Moshi wa kuni, vumbi la machimbo ya dhahabu ya Nyatike na moshi wa miwa inayochomwa huko Awendo huenda visiwe chanzo cha aleji, lakini huichochea pua iliyokwisha kuudhika.

Utaitofautishaje?

Mafua ya kawaida huisha kwa wiki moja hivi, na makamasi huwa mazito. Aleji hudumu au hurudi kila mara, makamasi ni maji matupu, na pua na macho huwasha. Malaria huleta joto jingi mwilini, baridi ya kutetemeka na maumivu ya viungo. Ukiwa na joto, nenda ukapimwe siku hiyo hiyo; usikisie. Kikohozi kilichofikisha wiki mbili kinahitaji uchunguzi wa kifua kikuu.

Tiba

Kwanza epuka kinachokudhuru. Anika godoro juani, fua mashuka kila wiki kwa maji moto, na ufagie kwa kitambaa kibichi ili vumbi lisipae. Wadudu wa ziwani wanapoibuka, funga madirisha na upunguze mwanga wa taa.

Tembe kama setirizini na loratadini hutuliza chafya na mwasho. Klorofeniramini, ambayo wengi huijua kwa jina Piriton, husaidia pia lakini huleta usingizi. Mwendeshaji bodaboda, mvuvi aingiaye ziwani usiku au mchimba migodi asiimeze kabla ya kazi.

Ikiwa pua huziba kila siku, dawa ya steroidi ya kupuliza puani hushinda tembe. Itumie kila siku bila kukata tamaa, kwani huenda ikachukua hadi wiki mbili kufanya kazi kikamilifu. Dawa za matone za kuzibua pua zisizidi siku tano, la sivyo pua itaziba zaidi. Usikubali kudungwa sindano ya steroidi kila mafua yanapokurudia. Inaweza kupandisha sukari na shinikizo la damu.

Usipuuze kifua

Pua na mapafu ni njia moja. Wengi wenye pumu wana aleji ya pua pia. Mtoto anayekohoa usiku, anayetoa mlio kifuani au anayeishiwa pumzi akicheza apelekwe kwa daktari, kwani pumu isiyotibiwa huua. Pua inayoziba upande mmoja tu au kutoa damu pia ichunguzwe.

Yule mama alipata dawa ya kupuliza, akahamishia gunia la omena nje ya chumba cha kulala. Baada ya majuma matatu aliniambia kuwa sasa analala hadi jogoo awike. Kabla hujanunua tena dawa ya malaria kwa sababu ya chafya, pimwa kwanza.