Mti Wenye Mvungu si Mfu

Katika shule zetu nyingi hukumu ya mti mkongwe hutolewa kwa pupa. Mtu huona tundu shinani, kamati ya shule hukutana, na kabla ya muhula kwisha msumeno umelia. Mwembe uliovipa kivuli vizazi vitatu hugeuka kuni za jikoni. Sababu itolewayo aghalabu ni moja: mti umeoza moyo, basi umekufa.

Kwa maoni yangu, kosa hili limechochewa kwa kiasi fulani na lugha. Twasema "moyo wa mti" kana kwamba mti una moyo kama wetu, ambao ukisimama uhai nao hukatika. Ukweli ni kinyume. Sehemu ya kati ya shina la mti mzee ni mbao iliyokufa zamani, ambayo kazi yake ni kuutegemeza mti tu. Uhai umo pembezoni. Chini ya gome mna utando mwembamba unaozaa seli mpya, na mbao changa iliyo karibu nao ndiyo inayopandisha maji kutoka mizizini. Kuvu ikila kiini, mti waweza kuendelea kuchanua na kuzaa kwa miaka mingi. Tazama mibuyu ya Pwani: baadhi ina mvungu wa kumsitiri mtu, na bado huchipua majani mvua zinyeshapo.

Hata hivyo, si kila mti wenye mvungu ni salama. Kadirio linalotumiwa na wataalamu wengi ni kuwa unene wa mbao nzima inayouzunguka mvungu usipungue theluthi moja ya nusu kipenyo cha shina. Shina lenye kipenyo cha sentimita 90, basi, lahitaji ukuta wa sentimita 15 hivi. Aidha, mti ulioanza kuinama ghafla, wenye ufa mpya, au ulioota uyoga penye mizizi, wapaswa kukaguliwa na afisa wa misitu mara moja, na watoto wasiruhusiwe kuukaribia.

Wako pia wanaodhani kuwa dawa ni kuukwangua uozo na kuujaza mvungu saruji. Mtafiti wa Marekani, Alex Shigo, aliyepasua na kuchunguza maelfu ya miti, alionyesha kuwa mti hauponyi jeraha kama mwili wetu, bali hulizingira kwa kuta za ndani ili uozo usienee. Anayekwangua hadi kuifikia mbao nzima huzibomoa kuta hizo. Saruji nayo haiyumbi pamoja na shina upepo uvumapo. Huikwaruza mbao na kufungia unyevu ndani.

Tufanyeje basi? Kwanza, mvungu na uachwe kama ulivyo, wala pasiwashwe moto ndani yake kwa ajili ya kufukuza nyuki au kuchoma taka. Pili, tuitunze mizizi: magari yasiegeshwe chini ya mti, mitaro isichimbwe karibu na shina, na majani makavu yaachwe ardhini yahifadhi unyevu. Tatu, mti ukielemewa, matawi marefu yapunguzwe kidogo kidogo na fundi anayejua kazi yake, badala ya kuukata kichwa kizima.

Mwalimu wa sayansi hahitaji maabara bora kuliko mti huo. Wanafunzi wapime kipenyo chake, wahesabu viota, wachunguze popo na bundi waliofanya makao humo, na kila mwaka waandike mabadiliko wanayoyaona.

Mwaka wa 2020 wakazi wa Nairobi waliupigania mugumo wa Waiyaki Way uliokuwa ukatwe kupisha barabara, ukanusurika kwa amri ya Rais. Mwembe wa shule hautarajii amri kama hiyo. Wanaoweza kuutetea ni wale wanaokaa kivulini mwake, na wauchunguze kwanza kabla ya kuuita mwenye msumeno.