Ngozi na Mishipa ya Fahamu

Mtu ashukaye kutoka milima ya Upare hata Hedaru hana haja ya kuambiwa kwamba amefika tambarare. Ngozi yake humjulisha, maana joto humpokea mapema. Katika mazungumzo haya tutaeleza jinsi ngozi ipatavyo habari, na hatari impatayo mtu habari hizo zikikatika.

Ndani ya ngozi mna ncha nyingi mno za mishipa ya fahamu, na kila aina ina kazi yake. Mwaka 1852 Wajerumani wawili, Georg Meissner na Rudolf Wagner, walieleza vijifuko vidogo vilivyo katika ngozi ya vidole, ambavyo hutambua mguso mwepesi. Vingine, viitwavyo kwa jina la Mwitalia Filippo Pacini, vimo ndani zaidi, navyo huhisi mtetemo, kama ule wa lori lipitapo barabarani. Ncha zisizo na kifuko hupokea maumivu, baridi na joto. David Julius, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021, alionyesha kwamba ukali wa pilipili hufungua mlango ule ule wa mshipa ufunguliwao na joto kali. Ndiyo sababu mla pilipili huona kinywa chaungua, ingawa hapana moto.

Ncha hizi hazikugawanywa sawasawa. Wanafunzi na wajaribu hivi: mmoja afumbe macho, mwenzake amguse kwa vijiti viwili kwa pamoja, vilivyoachana milimeta 5. Kwenye ncha ya kidole atatambua viwili. Mgongoni atadhani ni kimoja, mpaka viachane yapata sentimeta 4.

Wengi huyaona maumivu kuwa adui, kumbe ni mlinzi. Tuutazame ukoma, ambao vijidudu vyake viligunduliwa na Gerhard Armauer Hansen wa Norwei mwaka 1873. Vijidudu hivyo huharibu mishipa ya fahamu, mkono au mguu ukafa ganzi. Hapo mpishi hushika chungu cha moto asijue, na mkulima hukanyaga mwiba akaendelea na safari. Jeraha lisiloangaliwa huoza, na mwisho vidole hupotea.

Basi mtu aonapo baka lililopauka au jekundu, lisilohisi mguso wa pamba, asilifiche, wala asingoje liume, kwa kuwa huenda lisiume kamwe. Na aende zahanati upesi. Dawa hutolewa bure, nayo huponya kwa miezi 6 au 12. Lakini mshipa uliokwisha kufa ni vigumu kuuhuisha. Naye mgonjwa aliyeanza dawa, baada ya muda mfupi haambukizi tena. Asitengwe na jamaa zake.