Jasho la Mkimbiaji Lina Chumvi: Irudishe kwa Kiasi

Ndugu msomaji, kuna wakati mchakamchaka ulihesabiwa kuwa ni shughuli ya wanafunzi, askari na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa peke yao. Siku hizi sivyo. Ukitoka nje alfajiri ya Jumapili katika miji yetu utawakuta makarani, mafundi, walimu, wauguzi na kina mama wa nyumbani wakikimbia makundi kwa makundi. Wengine wanajiandaa kwa mbio za kilomita 21, na wachache wenye nia kubwa zaidi kwa marathoni kamili ya kilomita 42 na mita 195. Nao wanaye wa kumtazama: Alphonce Simbu, aliyeipatia Tanzania medali ya dhahabu ya marathoni katika mashindano ya dunia mjini Tokyo, mwezi Septemba 2025.

Ni jambo la kupongezwa, maana mazoezi ni akiba ya afya. Lakini akiba hiyo ina masharti yake. Mtu akimbiaye saa mbili, tatu au zaidi katika joto hutokwa na vitu viwili kwa pamoja: maji na chumvi. Asipovirudisha huumia. Na akirudisha maji peke yake bila ya kipimo, akanywa kupita kiasi, huweza kuumia vibaya zaidi, hata kupoteza maisha. Makala hii inakusudia kueleza namna ya kuvirudisha vyote viwili kwa kiasi, tena kwa vitu vilivyomo jikoni mwako.

JASHO LIMEBEBA NINI?

Misuli inapofanya kazi hutoa joto jingi. Mwili hulipunguza joto hilo kwa kutoa jasho, nalo jasho linapokauka juu ya ngozi huondoka na joto. Hapa ndipo wakazi wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja wanapopata taabu kuliko wenzao wa nyanda za juu. Hewa ya pwani imejaa unyevu, kwa hiyo jasho halikauki upesi. Hutiririka na kudondoka chini bila ya kuupoza mwili, nao mwili huzidi kulitoa. Mkimbiaji huweza kupoteza nusu lita hadi lita 2 kwa saa, kutegemea joto, kasi yake na maumbile yake.

Hata mabingwa hawasameheki. Mjini Doha, mwaka 2019, marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia ilianzishwa karibu na saa 6 usiku ili kulikwepa jua. Hata hivyo, kati ya wanawake 68 walioanza, 28 hawakumaliza kwa ajili ya joto na unyevu.

Ukiramba mdomo wako baada ya kukimbia utaionja chumvi. Ndani yake mna madini ya sodiamu na kloridi kwa wingi, na potasiamu na magnesiamu kwa uchache. Wataalamu huyaita madini haya elektroliti, kwa kuwa yakiyeyuka katika maji hupitisha umeme. Ndiyo yanayowezesha mishipa ya fahamu kupeleka habari na misuli kukaza na kulegea. Juu ya hayo, sodiamu ni mlinzi wa maji mwilini: huyazuia yakae mahali pake katika damu, yasiingie ovyo ndani ya chembe hai.

Lita moja ya jasho huweza kuwa na miligramu 200 za sodiamu kwa mtu mmoja, na karibu miligramu 2,000 kwa mwingine. Watu wengi wako karibu na 1,000. Ili upate picha, kijiko cha chai cha chumvi ya mezani, kilichosawazishwa, kina miligramu 2,300 hivi za sodiamu. Ukitaka kujua uko upande gani, vaa fulana nyeusi siku ya mazoezi marefu. Ikikauka na kubaki na mistari myeupe kama ramani, au jasho likikuwasha sana machoni, basi wewe ni miongoni mwa wanaopoteza chumvi nyingi.

Mwili nao hujifunza. Mtu atokaye Mbulu au Njombe kwenye baridi, akija kukimbia pwani, hupoteza chumvi nyingi siku za mwanzo. Akifanya mazoezi katika joto hilo kwa siku 7 hadi 14, tezi zake za jasho huanza kuizuia chumvi isitoke ovyo. Kwa hiyo si busara kushuka kwenye basi Ijumaa na kushindana Jumapili.

FUNZO KUTOKA MGODINI

Elimu hii haikuanzia katika viwanja vya michezo. Ilianzia kwa wafanyakazi. Mwaka 1923, mtaalamu K. Neville Moss alichapisha uchunguzi wake juu ya wachimba makaa ya mawe wa Uingereza. Watu hao walifanya kazi katika mashimo marefu yenye joto kali, wakatokwa na jasho jingi, wakanywa maji mengi, kisha wakashikwa na mikakamao ya misuli yenye maumivu makali. Walipotiliwa chumvi kidogo katika maji yao walipata nafuu. Mpishi wa tanuri la mikate, fundi wa kuchomelea vyuma na mpakuzi wa mizigo bandarini wanahusika na habari hii sawasawa na mkimbiaji.

Hata hivyo, usidhani kwamba kila msuli unaokaza barabarani unadai chumvi. Uchunguzi uliofanywa kwa wakimbiaji wa mbio ndefu huko Afrika Kusini, na kuchapishwa 2004, ulionyesha kwamba madini katika damu ya waliokakamaa misuli hayakutofautiana sana na ya wenzao. Mara nyingi sababu ni uchovu wa msuli wenyewe, uliolazimishwa kwenda kasi kuliko ulivyozoezwa. Dawa yake ni kusimama, kuunyoosha msuli polepole na kupunguza mwendo.

MAJI YAKIZIDI

Kwa miaka mingi wakimbiaji walishauriwa wasinywe maji njiani, eti yangewalegeza. Ushauri huo ulikuwa wa hatari. Baadaye watu wakageukia upande wa pili: kunywa, kunywa, na kunywa tena, hata kama huna kiu. Huo nao ukaleta msiba.

Mwaka 1985, daktari Tim Noakes wa Afrika Kusini na wenzake waliandika habari za wanamichezo wanne walioanguka wagonjwa katika mbio na mashindano marefu mno. Hawakuwa wamekaukiwa maji, bali walikuwa wamekunywa kupita kiasi. Mwaka 2002, katika marathoni ya Boston nchini Marekani, mkimbiaji mwanamke alifariki dunia kwa sababu hiyo hiyo. Katika mbio hizo hizo watafiti walipima damu za wakimbiaji 488 waliomaliza. Watu 13 katika kila 100 walikuwa na sodiamu pungufu katika damu, na watatu kati ya wote waliopimwa walikuwa katika hali ya kutisha.

Hutokeaje? Katika kazi ndefu na nzito, mwili hutoa homoni inayoziamuru figo zizuie mkojo. Basi mtu anapokunywa zaidi ya anachotoa, maji hayana pa kutokea. Yanakusanyika, na damu huwa kama tembo la mgema aliyesifiwa: imetiwa maji. Sodiamu iliyomo haitoshi tena kuyazuia, nayo yanaingia ndani ya chembe hai na kuzivimbisha. Mguu ukivimba una nafasi. Ubongo hauna, kwa sababu umefungiwa ndani ya fuvu.

Jambo moja zaidi katika uchunguzi wa Boston yafaa likumbukwe na kila mnunuzi. Waliokunywa vinywaji vya wanamichezo hawakusalimika kuliko waliokunywa maji matupu. Vinywaji hivyo vina chumvi, lakini ni chache mno kuliko iliyomo katika damu. Kwa hiyo chumvi katika chupa haikupi ruhusa ya kunywa bila ya kipimo. Waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ni waliomaliza mbio wakiwa wazito kuliko walivyoanza, na waliokimbia zaidi ya saa 4, kwa kuwa walipata muda mrefu wa kunywa.

KIASI GANI KINAFAA?

Kanuni ya kwanza ni kusikiliza kiu. Ukiwa na kiu, kunywa. Usipokuwa nayo, kipite kituo cha maji bila ya hofu. Kanuni ya pili ni kuujua mwili wako kwa mizani. Jipime kabla ya mazoezi, ukimbie saa moja, ujifute jasho na kujipima tena. Kilo moja iliyopungua ni sawa na lita moja ya maji. Tuseme ulikuwa na kilo 65, ukarudi na kilo 64, na njiani ulikunywa nusu lita. Basi ulitokwa na lita moja na nusu kwa saa hiyo. Huna haja ya kuyarudisha yote ukiwa barabarani. Kupungua kilo moja si hatari kwa mtu mzima mwenye afya. Kuongezeka uzito ndiyo dalili mbaya.

Kwa mbio zisizozidi saa moja, maji matupu yanatosha, na chumvi utaikuta mezani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na wengi wetu tunapita kiwango hicho hata bila ya kukimbia. Chumvi ya njiani huwa na maana katika mazoezi ya saa mbili na zaidi, hasa kwenye joto na hasa kwa wale wa fulana yenye mistari myeupe.

KINYWAJI CHA NYUMBANI

Chukua lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa. Tia robo ya kijiko cha chai cha chumvi na vijiko 10 vya chai vya sukari, vyote vilivyosawazishwa. Kamulia ndimu au chungwa ili kupata ladha, ukoroge mpaka viyeyuke. Sukari haikuwekwa kwa utamu tu. Katika utumbo, sukari na sodiamu hupita mlango mmoja, na zikipita huyavuta maji nyuma yake. Jaribu kinywaji hicho siku za mazoezi kwanza; siku ya mashindano si siku ya kulijaribu tumbo.

Elimu hiyo ya mlango mmoja ndiyo iliyoleta maji ya chumvi na sukari ya kutibu kuhara. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliwapa wakimbizi wenye kipindupindu maji hayo wanywe, na vifo vikapungua sana. Lakini tahadhari, mama na baba: kinywaji cha mkimbiaji kina sukari nyingi, na hakimfai mtoto anayeharisha. Mtoto apewe ule mchanganyiko wa pakiti utolewao zahanati, kwa kipimo kilichoandikwa.

Madafu je? Ni kinywaji kizuri, lakini yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, kinyume cha jasho. Yanywe, kisha uongeze kitu cha chumvi. Ndizi nayo ni rafiki wa mkimbiaji: moja ya wastani ina miligramu 400 hivi za potasiamu, kiasi kinachofidia ile iliyopotea katika lita 2 za jasho. Ukifika nyumbani, bakuli la supu, mihogo ya kuchemsha yenye chumvi, karanga za chumvi, au ugali kwa dagaa na mchicha vitamaliza kazi iliyobaki.

DALILI ZA HATARI

Mwenzako akilalamika kwamba tumbo limejaa maji, anasikia kichefuchefu, kichwa kinamuuma, na pete inambana kidoleni, usimpe maji zaidi. Msimamishe, umpumzishe kivulini. Akianza kuchanganyikiwa, kutapika mfululizo au kupatwa na degedege, apelekwe hospitali mara moja, na wanaompeleka wamweleze daktari kwamba ametoka mbioni na amekunywa kiasi gani. Ikiwa mwili wake unawaka kama tanuri na maneno yake hayaeleweki, huenda ameshikwa na kiharusi cha joto. Huyo mmwagieni maji baridi mwili mzima na kumpepea papo hapo, huku usafiri ukitafutwa.

Wenye shinikizo la damu, maradhi ya figo au ya moyo, na kina mama wajawazito wasiongeze chumvi wala kumeza vidonge vyake kabla ya kumwona daktari. Vilevile iacheni tabia ya kumeza dawa za maumivu za jamii ya ibuprofen kabla ya mbio. Huzielemea figo wakati ambapo kazi yake tayari ni nzito.

Ndugu msomaji, wahenga walisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Yanayomwagika kwa jasho yanarudishika, mradi yarudi pamoja na chumvi yake, na kila kimoja kwa kiasi. Jumapili ijayo, kabla ya kufunga kamba za viatu, panda mizani, weka robo kijiko katika lita yako, na umweleze mwenzako unayekimbia naye. Tunataka mfike nyote wawili, na mzidi kula chumvi miaka mingi.