Ile nyumba ya mawe kwenye picha: gîte ni kitu gani?

Kila mwezi wa saba na wa nane, picha zinaingia kwenye WhatsApp za jamaa nyingi za Bukavu, Goma na Uvira. Nyumba kubwa ya mawe, majani mabichi pande zote, ng'ombe nyuma ya uzio, watoto juu ya baiskeli. Aliyetuma ni kaka ama shangazi anayeishi Ubelgiji. Na huku nyumbani maneno yanaanza: "Kumbe yaya iko na nyumba kubwa vile, na anatuambiaka hana franga ya minerval!"

Nyumba ile si yake. Inaitwa gîte. Wazee wa huku wanalijua neno hilo kwa namna ingine: gîte ya Serikali, ile nyumba ya pembeni ya barabara ambamo wazungu wa utawala walikuwa wanalala wakiwa katika ziara. Ya Bulaya ni nyumba ya kijijini ambayo mwenyewe anaipangisha kwa siku mbili tatu ama kwa wiki moja, mara nyingi kuanzia siku ya posho mpaka siku ya posho. Ndani mna vitanda, sufuria, sahani, jiko na frigo. Mtu wa kupika hamna. Wa kutandika kitanda na wa kufagia pia hamna. Mara nyingi hata mashuka na taulo unakuja nayo mwenyewe.

Hapo ndipo hesabu ilipo. Hoteli inalipisha kila chumba, na kula ni bei ya pembeni. Gîte inalipwa nyumba nzima. Tuseme nyumba ya watu 10 ni euro 900 kwa wiki: jamaa mbili za watu watano zikishirikiana, kila kichwa ni euro 90 kwa usiku saba. Chakula wanakinunua Bruxelles, Matonge, kabla ya kupanda gari: sombe, unga wa fufu, ndakala. Kwa mtu mwenye watoto wanne na kazi ya kawaida, njia hii ndiyo inawezekana.

Nyumba hizi hazikujengwa kwa ajili ya matajiri. Mwaka 1936, Ufaransa na Ubelgiji zilipitisha sheria ya likizo yenye malipo kwa wafanyakazi: Ufaransa siku 15, Ubelgiji siku 6 mwanzoni. Watu wa mijini wakawa na siku za kupumzika, lakini hoteli hawaziwezi. Vijijini nako vijana walikuwa wanahamia mjini na nyumba za wakulima zinabaki tupu, zinaanguka. Seneta Émile Aubert, wa milima ya Alpes, akashikamanisha mambo hayo mawili: mkulima asaidiwe kutengeneza nyumba yake, halafu aipangishe wakati wa likizo. Gîte ya kwanza ilifunguliwa 1951 katika kijiji cha Thorame-Basse, na shirikisho la Gîtes de France likaanza 1955. Ubelgiji nao wakafuata njia hiyo, zaidi upande wa Ardennes.

Mchana watu hawakai ndani. Wanatembea porini kwa miguu, ama wanapanda baiskeli kwenye barabara zinazoitwa RAVeL, nyingi zilitengenezwa juu ya njia za treni za zamani, kwa hiyo vilima si vikali. Kwenye mto Lesse wanapiga kasia kutoka Houyet mpaka Anseremme, kilomita 21. Mikono inauma siku mbili. Wengine wanapanda Signal de Botrange, kilele cha Ubelgiji yote: mita 694. Mtu wa Goma, aliyezaliwa karibu mita 1.500, anaweza kucheka kimoyomoyo.

Hatari ndogo ipo, nayo ni kupe. Kule hawasumbui ng'ombe tu. Wanamshika mtu kwenye majani marefu na wanaweza kumletea ugonjwa wa Lyme. Jioni wazazi wanachunguza watoto nyuma ya magoti, kwapani na kichwani. Kupe anatolewa kwa kibano, bila mafuta wala moto. Duara jekundu likitokea na kupanuka siku zinazofuata, ni kwenda kwa daktari. Na miezi ya mwisho wa mwaka, matangazo kwenye njia za porini yanaonyesha siku za uwindaji: siku hizo hakuna kupita.

Wakongomani wengi wanakwama kwenye idadi ya watu. Mkataba ukisema 10, ni 10. Siku ya Mungu binamu wanatokea Liège na Charleroi, wameleta mishkaki na baffle ya muziki, na mwenye nyumba anakaa mlango wa pili. Usiku akisikia ndombolo, garanti iko mashakani. Garanti hiyo ni kama ya huku tunapopanga nyumba: unaiacha wakati wa kuingia, unairudishiwa kama hakuna kilichovunjika. Mara nyingi mita ya umeme inasomwa kuingia na kutoka, tofauti unailipa.

Siku ya mwisho wanaamka mapema. Mama mmoja anaosha jiko, watoto wanapeleka chupa za kioo mahali pake, baba anahesabu vijiko akiwa na karatasi mkononi. Picha ya mwisho inapigwa mbele ya mlango, funguo zinarudishwa, na jioni wako tena Bruxelles kwenye nyumba yao ya ghorofa ya nne, ile ambayo hakuna anayeipiga picha.