Wachezaji Wawili, Ubao Mmoja

Mwalimu yeyote aliyewahi kulea chama cha sataranji, dama au bao shuleni anaifahamu hali hii. Siku ya kwanza vijana hujaa darasani hata viti visitoshe. Baada ya majuma machache hubaki wanane au kumi, nao ni wale wale, wanaocheza kimya kimya huku wakitazama saa. Waliotoka wakiulizwa husema kwamba wenzao wameugeuza mchezo kuwa mtihani. Waliobaki nao husema kwamba waliotoka walikuwa wavivu wa kufikiri, na afadhali wamekwenda zao. Aghalabu mwalimu huliona jambo hili kuwa ni la tabia: hawa wana kiburi, wale hawana bidii. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya ugomvi huu haitokani na tabia hata kidogo. Unaweza kuelezwa kwa hesabu, na hesabu zenyewe mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuzifanya kwa kalamu na karatasi.

Kwanza tukubaliane juu ya maneno mawili. Mchezaji ambaye thamani yote ya mchezo kwake imo katika matokeo tutamwita mshindani. Yule ambaye matokeo kwake ni sehemu moja tu ya thamani hiyo, kwa kuwa anafurahia pia mazungumzo, mzaha, na kujaribu hatua asiyopata kuijaribu, tutamwita mburudikaji. Msomaji asidhani kwamba mshindani ndiye fundi na mburudikaji ndiye mwanagenzi. Wako mafundi wakubwa wanaocheza kwa burudani, na wako wanagenzi ambao wakishindwa hawapati usingizi.

Mwaka 1928 mwanahisabati John von Neumann, mzaliwa wa Hungaria, alithibitisha kanuni maarufu kuhusu mchezo wa watu wawili ambamo apatacho mmoja ndicho hasa akipotezacho mwenzake. Mwaka 1944 yeye na mwanauchumi Oskar Morgenstern walichapisha kitabu kilichoipanua nadharia hiyo hadi katika mambo ya uchumi. Katika mchezo wa namna hiyo, nadharia inamshauri mchezaji achukulie kwamba mpinzani wake atamfanyia baya kubwa kabisa, kisha achague njia ambayo hata hapo itampunguzia hasara. Washindani wawili wakikutana, ushauri huu unawafaa wote wawili. Lakini wakikutana mshindani na mburudikaji, sharti la nadharia limekwisha kuvunjika. Kwa mmoja, kushinda ni 1 na kushindwa ni 0, basi. Kwa mwingine, kushindwa katika mchezo mtamu kwaweza kuzidi thamani ya ushindi mkavu. Sheria ni zile zile na ubao ni ule ule, ila kwa lugha ya hisabati hii ni michezo miwili mbalimbali. Kila mmoja anaucheza wake kwa usahihi, na kila mmoja anamwona mwenzake kuwa ndiye anayekosea.

Mfano ulio wazi zaidi unapatikana katika dhumna, mchezo ambao mlio wa vipande vyake husikika katika mabaraza ya pwani yetu, Unguja hasa. Seti ina vipande 28, kuanzia sifuri kwa sifuri hadi sita kwa sita. Wakicheza wanne, wawili wawili, kila mtu hupata vipande 7 na hakuna kinachobaki. Kila namba nayo hutokea katika vipande 7. Basi mchezaji mwenye vipande 3 vya tano mkononi, akiona 2 vimekwisha kuchezwa, anajua pasipo kuambiwa kwamba vimebaki 2 tu, navyo vimo mikononi mwa hao watatu wengine. Ikiwa ncha moja ya mnyororo ni tano na ya pili ni mbili, na mchezaji mmoja akapita, basi huyo hana tano wala hana mbili. Kadhalika, mshirika akianzisha nne, na baadaye akairudia nne ilhali alikuwa na njia nyingine, anamwarifu mwenziwe kwamba nne anazo. Kila kipande kinachowekwa mezani ni kama sentensi. Washirika wawili walio washindani huzungumza hivyo mchezo mzima bila kufungua vinywa vyao.

Sasa mweke mburudikaji katika kiti cha mshirika. Anatupa kipande kwa sababu kina nukta nyingi, au kwa sababu kilikuwa karibu na kidole, au kwa sababu alikuwa katikati ya kusimulia habari za harusi. Kipande chake ni halali kabisa kwa mujibu wa sheria. Ila hakibebi habari yoyote, na balaa ni kwamba kwa sura hakitofautiani na kile kinachobeba. Mshirika wake anasoma sentensi ambayo haikuandikwa, anapiga hesabu sahihi juu ya msingi usio wa kweli, na wanashindwa wote wawili. Hapo ndipo meza hupigwa kiganja na maneno makali yakatoka. Katika nadharia ya mawasiliano aliyoichapisha Mmarekani Claude Shannon mwaka 1948, kinachoharibu ujumbe njiani kati ya mpelekaji na mpokeaji huitwa kelele. Mburudikaji kwa mshirika wake ni kelele ya namna hiyo, hata akiwa mkimya kama maji mtungini. Wala yeye hajui kwamba amesema lolote. Kwake ilikuwa ni zamu yake tu.

Turudi kwenye chama cha sataranji, ambako tatizo lina sura nyingine. Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Marquette mjini Milwaukee, Marekani, alibuni njia ya kupima nguvu ya mchezaji kwa namba. Shirikisho la Sataranji la Marekani liliikubali mwaka 1960, na Shirikisho la Kimataifa likafuata mwaka 1970. Njia yenyewe ni nyepesi. Chukua tofauti ya namba za wachezaji wawili, uigawanye kwa 400. Pandisha 10 kwa kipeo hicho, ongeza 1, kisha ugawanye 1 kwa jawabu. Utakachopata ni sehemu ya alama ambayo mchezaji dhaifu anaweza kuitarajia katika kila mchezo. Tofauti ikiwa 400, kipeo ni 1, nasi tunapata 1 kwa 11, yaani 0.09. Tofauti ikiwa 200, majedwali ya logi yatatupatia 0.24.

Mchukue mwanafunzi aliyepitwa na wenzake wote kwa 400, anayecheza michezo 3 kila juma katika muhula wa majuma 12. Jumla ni michezo 36, na matarajio yake ni alama 3 hivi. Alama 3 katika muhula mzima! Akiwa mburudikaji, huenda asiumizwe na idadi ya kushindwa, lakini anaumizwa na namna ya kushindwa: mchezo unakatika mapema, kabla hajapata kujaribu lile alilokuja kulijaribu. Anaondoka. Kuondoka kwake hakuishii kwake, maana yule aliyekuwa juu yake kidogo alikuwa akipata kwake zaidi ya nusu ya alama katika kila mchezo, na sasa chemchemi hiyo imekauka. Wa pili naye anageuka kuwa wa mwisho. Chama humomonyoka kutoka chini, kama ukingo wa mto.

Kwa upande wa juu nako kuna nguvu inayosukuma. Katika mfumo wa Elo, mchezaji huongezewa namba kwa kadiri alivyozidi matarajio. Tukitumia kizidisho cha 20, ambacho Shirikisho la Kimataifa hukitumia kwa wachezaji wengi, fundi aliyemzidi mwenziwe kwa 400 akishinda huongezewa chini ya 2, na akishindwa hupoteza zaidi ya 18. Mshindani anayemkwepa mwanagenzi si lazima awe na kiburi. Kipimo chenyewe kinamfukuza. Nami naona hili ni jambo la kutafakari kwa walimu wanaopenda kubandika orodha ya daraja za wachezaji ukutani tangu juma la kwanza: kipimo hiki hupima uwezo wa kushinda tu, na humchukulia kila aketiye mbele ya ubao kuwa amekuja kushinda.

Watu wa zamani walilijua tatizo hili na walikuwa na dawa zao. Katika mchezo wa Go wa China na Japani, unaochezwa juu ya makutano 361 ya mistari, mchezaji dhaifu huruhusiwa kutanguliza mawe 2 hadi 9 kabla mwenziwe hajagusa ubao, na tofauti ya daraja moja kati ya wachezaji wa kawaida hulingana takriban na jiwe moja. Katika mikahawa ya Paris na London ya karne ya 18 na ya 19, mafundi wa sataranji walizoea kuanza mchezo bila farasi mmoja au bila kitunda kimoja. Nafuu ya namna hii huwarudisha wawili karibu na nusu kwa nusu: mshindani anapata kazi halisi, na mwenziwe anapata muda wa kucheza.

Bao letu lilipita njia tofauti, ambayo mimi naipenda zaidi. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na awamu ya kunamua ndiyo inayomchanganya mgeni. Katika bao la kujifunza, kete zote 64 hupangwa mbili mbili katika mashimo 32, na awamu hiyo haipo kabisa. Hakuna aliyepewa nafuu, na hakuna anayeonekana kuhurumiwa.

Lakini nafuu hutibu tofauti ya nguvu; haitibu tofauti ya nia. Mshirika wa dhumna anayesimulia harusi hatageuka kwa kuongezewa alama. Katika mji nilikosomea ng'ambo, chama kimoja cha sataranji kilikuwa na vyumba viwili, kimoja cha kimya na kimoja cha maneno, na kila mtu alichagua mlango wake. Mpango ulifaa sana, isipokuwa chumba cha kimya ndicho kilichokuwa na jiko la moto, na kila majira ya baridi idadi ya washindani iliongezeka kwa kasi.

Wapo walimu wanaojaribu kuwavuta wote kwa zawadi. Hapa inafaa kukumbuka jaribio la Edward Deci, lililochapishwa mwaka 1971. Wanafunzi 24 wa chuo kikuu nchini Marekani walipewa chemshabongo ya kuunganisha vipande katika vikao vitatu. Katika kikao cha pili nusu yao walilipwa dola 1 kwa kila fumbo walilofumbua. Katika kikao cha tatu malipo yalikoma, nao wakiachwa peke yao wafanye wapendalo, waliichezea kwa muda mfupi kuliko walivyofanya kabla ya kulipwa. Idadi ilikuwa ndogo, na wataalamu wamebishana sana tangu hapo, lakini mwelekeo huo umeonekana mara nyingi katika majaribio yaliyofuata.

Shule inaweza kulichunguza suala hili yenyewe. Kwa muhula mmoja, kila mwanachama aandike kabla ya mchezo, katika kikaratasi asichokiona mwenziwe, herufi moja: B kwa burudani, au S kwa ushindani. Baada ya mchezo aandike kama angependa kurudiana na mtu yule yule juma lijalo. Mwisho wa muhula wanafunzi wachore jedwali la miraba minne, B na B, B na S, S na B, S na S, wahesabu majibu ya "ndiyo" katika kila mraba, kisha walinganishe na tofauti za nguvu za wachezaji. Vikaratasi vikusanywe na mwanafunzi asiyecheza.