Figo: damu tele, oksijeni haba

Figo mbili za mtu mzima zina uzito wa gramu 300 hivi, haufiki hata asilimia 1 ya mwili. Hata hivyo, moyo huzipelekea karibu asilimia 20 ya damu yote unayosukuma: kama lita 1 kila dakika. Mtu angedhani oksijeni humo inamwagika. Kumbe sehemu ya ndani ya figo huishi kwa kubangaiza, hata kwa mtu mzima wa afya.

Damu hiyo yote haiji kulisha figo, inakuja kuchujwa, na vichujio viko sehemu ya nje. Ndani huingia kama sehemu moja ya kumi tu. Tena huingia kupitia mishipa myembamba inayoshuka moja kwa moja, kisha inapinda na kupanda ikiwa imepakana na ile inayoshuka. Hapo ndipo oksijeni inapopotelea. Chukua malori kwenye barabara nyembamba, utingo wa lori la kwenda akimrushia magunia mwenzake wa lori la kurudi: shehena inarejea ilikotoka kabla ya kufika sokoni. Ndivyo oksijeni inavyopenya kutoka mshipa unaoshuka hadi unaopanda. Shinikizo lake katika sehemu ya nje ni kama milimita 50 za zebaki; ndani kabisa hushuka hadi kati ya 10 na 20.

Mpangilio huo una faida yake. Ndani ya figo kumerundikwa chumvi na urea zinazovuta maji ili mkojo utoke mzito. Damu ingepita kwa kasi ingezisomba zote. Kwa hiyo mishipa inayozuia chumvi isitoroke ndiyo hiyo hiyo inayoivujisha oksijeni, na seli za jirani zinazosukuma chumvi hiyo usiku na mchana hula karibu yote inayobaki. Ili uhaba usizidi, mwili huipanua mishipa hiyo kwa kutumia kemikali ziitwazo prostaglandini. Diklofenaki na ibuprofeni huzizuia, ndiyo maana sipendi kabisa kumwona mtu anayeharisha, ambaye tayari amepungukiwa maji, akizimeza dawa hizo kama peremende.

Lakini anayeumizwa zaidi na uhaba huu ni mgonjwa wa selimundu. Himoglobini yake ikikosa oksijeni hujipanga kuwa nyuzi, na chembe ya damu hukakamaa. Ndani ya figo kila kitu kinachochochea hilo kipo: oksijeni haba, tindikali, chumvi inayoinyonya chembe maji, na damu inayotambaa polepole. Mishipa huziba kidogo kidogo. Hata mtu aliyerithi kinasaba kimoja tu cha selimundu, asiyeumwa chochote, anaweza siku moja kukojoa damu, mara nyingi kutoka figo ya kushoto.

Kwa mtoto mwenye selimundu, dalili ya mapema ni mkojo mwingi mweupe kama maji, na kukojoa kitandani hata akiwa mkubwa. Wazazi wengi humnyima maji jioni. Wasifanye hivyo: figo yake haiwezi tena kubana maji, na mwili ukikauka ndipo maumivu makali yanapoanza. Kwa mtoto mdogo, kuongezewa damu kunaweza kuirudishia figo uwezo huo kwa muda. Akishabalehe, kwa kawaida mishipa imekwisha kuharibika, na damu mpya haisaidii tena kwa hilo.