Je, Wajua? Hereni ya ng'ombe na lakiri ya almasi

Je, wajua kuwa hereni ya kielektroniki anayovishwa ng'ombe haina betri? Ndani mna chipu na waya mwembamba uliosokotwa. Mashine ya kusomea ikisogezwa karibu, mawimbi yake ya redio ndiyo yanayoiamsha chipu itaje namba. Hakuna cha kuchaji, hakuna cha kuisha.

Tope nalo haliisumbui sana. Hereni za mifugo kwa kawaida hutumia masafa ya chini, kilohezi 134.2, yanayopenya maji na nyama vizuri kuliko masafa ya lebo za maghalani.

Je, wajua kuwa namba hiyo, yenye tarakimu 15, si siri? Chipu za kawaida za mifugo hazina nywila. Mwenye mashine yoyote inayofaa huisoma, na zipo chipu tupu za kunakilia namba ya mwingine. Kwa hiyo ulinzi wenyewe uko kwenye kanzidata: namba moja ikisomwa leo Kishapu na leo hiihii Geita, mfumo ugome na mnada usimame. Mfumo usipogoma, mwizi amepewa kitambulisho.

Jirani zetu wa mashariki ya Kongo wameshayaona haya. Mifuko ya madini ya bati na koltani hufungwa lebo zenye namba, lakini wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti lebo halali zikiuzwa kwa magendo na kufungwa kwenye madini yasiyo halali.

Na almasi za mgodi wa Mwadui, hapahapa Kishapu? Tangu 2003, utaratibu wa kimataifa wa Kimberley unataka almasi ghafi zivuke mpaka katika kasha lenye lakiri, pamoja na cheti cha serikali. Hata hivyo, mwaka 2017 Serikali iliukamata mzigo wa Mwadui uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, ikidai thamani iliyoandikwa ni ndogo kuliko halisi. Lakiri hulinda kilichomo kashani. Bei iliyo kwenye karatasi haiigusi.

Tukirudi kwa ng'ombe, sheria ya Tanzania ya utambuzi wa mifugo ipo tangu 2010, na Juni 2025 kampeni ya chanjo na utambuzi ilizinduliwa Bariadi, mkoa jirani wa Simiyu.

Mfugaji, andika namba za hereni zako kwenye daftari, maana mtandao hukatika. Ukinunua, dai namba ya mashine ilingane na iliyochapwa kwenye hereni. Ng'ombe akifa au akichinjwa, toa taarifa kwa afisa mifugo ili namba yake ifungwe.